Uzi: Nilivyolelewa katika habari za uchunguzi za televisheni, na namna picha inavyoweza kushtaki kuliko maneno

MLETA UZI

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimesoma mijadala mingi ya wanafunzi wa uandishi wa habari wanaouliza namna ya kuingia katika habari za uchunguzi, na nimeona majibu mengi huishia kwenye aina za kamera, vipaza sauti na programu za kuhariri. Nimeleta uzi huu kueleza niliyojifunza chini ya mlezi wa kitaaluma, prodyusa aliyekaa miaka mingi katika vipindi vya uchunguzi, ambaye kwa makubaliano yetu sitamtaja jina wala kituo chake. Mimi bado ni mwanafunzi, na kipindi tulichokifanyia kazi hakijarushwa, kwa hiyo nitaeleza namna ya kufanya kazi bila kugusa utambulisho wa wahusika.

Kwa ufupi, habari inahusu jengo la umma ambalo kwenye vitabu linaonekana kuwa limekamilika na kulipiwa, ilhali mtu anayepita barabarani anaona kuta zisizo na paa. Mwanafunzi yeyote angeikimbilia habari ya namna hii, maana jengo lisilo na paa ni picha iliyo tayari. Mlezi wangu, ambaye namwita Mwalimu, hakuruhusu kamera itoke. Aliniagiza kwanza niandike kwa sentensi moja kile ninachoamini kuwa kilitokea. Niliandika kwamba fedha zote za jengo zililipwa kabla kazi haijakamilika, kwa sababu aliyesaini cheti cha kukamilika alijua kuwa kazi haijaisha.

Aliichukua sentensi ile akaikata vipande mbele yangu. "Zililipwa zote" ni dai la kwanza, na ushahidi wake ni hati za malipo. "Kabla haijakamilika" ni dai la pili, nalo linadai tarehe, kwa sababu jengo lisilo na paa leo halithibitishi kwamba halikuwa na paa siku cheti kiliposainiwa. "Alisaini" ni dai la tatu, ambalo si gumu ukiwa na hati halisi na mtu wa kuithibitisha saini. "Alijua" ni dai la nne, na ndilo zito kuliko mengine yote, kwa kuwa linahusu kilichokuwa kichwani mwa mtu. Kila dai likapewa mstari wake kwenye jedwali: dai lenyewe, hati au mtu anayelithibitisha, mahali hati ilipohifadhiwa, na safu ya mwisho aliyoiita "maelezo yasiyo na hatia".

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Ilinibidi nijaze humo kila maelezo ambayo yangemfanya mtuhumiwa awe hana kosa, kisha nitafute ushahidi wa kuyathibitisha kwa bidii ileile niliyotafutia ushahidi wa kumtia hatiani. Labda paa liliwekwa, kisha likaezuliwa na upepo. Labda cheti kilihusu awamu ya kwanza tu ya ujenzi. Labda malipo yaliyoandikwa yalikuwa ya jengo jingine lenye jina linalofanana. Hili la upepo tulilimaliza kwa picha za setilaiti za miaka iliyopita, ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua kwenye Google Earth na kuzirudisha nyuma kwa tarehe. Picha zilizopigwa kabla na baada ya tarehe ya cheti zilionyesha ndani ya kuta, vyumba vikionekana kutoka juu. Maelezo ya awamu ya kwanza yalitaka mkataba wenyewe, na kuupata ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Nitaendelea na sehemu ya picha nikipata nafasi. Maswali yanakaribishwa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo, lakini hapo kwenye kuizuia kamera naona mlezi wako alifanya kazi kama mtu wa magazeti. Televisheni isiyo na picha si televisheni. Kama mngekaa na jedwali lenu muda wote huo, halafu mkandarasi akasikia na kuezeka paa kwa usiku mmoja, mngebaki na nini zaidi ya makaratasi?

MLETA UZI

Mkuu, hoja yako ina uzito, na nilimuuliza Mwalimu swali hilohilo. Alitenganisha vitu viwili ambavyo darasani huwa tunavichanganya, yaani kurekodi ushahidi na kutengeneza kipindi. Ushahidi unaoweza kutoweka hurekodiwa mara moja. Tulisimama kwenye barabara ya umma, tukapiga picha moja ndefu isiyokatwa, ikianzia kwenye kitu kinachoonyesha mahali tulipo, ikazunguka jengo zima, ikarudi pale ilipoanzia. Hakukuwa na mwandishi akitembea mbele ya kamera, wala maneno ya msimulizi. Memori kadi ile haikutumika tena kwa kazi nyingine. Faili zake zilinakiliwa mara tatu, nakala moja ikawekwa nje ya jengo tunalofanyia kazi, na kila faili likachukuliwa alama yake ya kidijitali, zile herufi na tarakimu ambazo hubadilika kabisa ikiwa mtu ataligusa faili hata kidogo. Baadaye mtu akidai kwamba picha imechezewa, unalinganisha alama.

Alichokizuia ni ile hamu ya kwenda kuwahoji watu tukiwa hatujui tunachouliza. Mtu anayeguswa na uchunguzi hukupa mahojiano ya maana mara moja tu. Ukienda kwake ukiwa na tetesi, atakujibu tetesi, na utakaporudi na hati utakuta mlango umefungwa na mwanasheria amekaa mbele yake.

Nilikuwa nimeahidi kuzungumzia picha. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo ninapoona habari za uchunguzi za televisheni zinapotofautiana na za gazeti, tena kwa namna ambayo vitabu vyetu vya darasani havikuigusa.

Mwandishi wa gazeti akiandika kwamba "baadhi ya maofisa walipokea malipo yasiyostahili", amejilinda kwa neno "baadhi". Mwandishi wa televisheni akisoma sentensi hiyohiyo, mhariri wa video lazima aweke picha juu yake, kwa sababu skrini haiwezi kuwa tupu. Katika rasimu yetu ya kwanza, juu ya sentensi ya namna hiyo palikuwa na picha ya watu wakiingia katika jengo la ofisi asubuhi, na katikati yao mwanamume mmoja mwenye mkoba alionekana vizuri kwa muda wa kama sekunde mbili. Mwalimu alisimamisha picha pale pale akaniuliza, "Huyu ni nani?" Hakuna aliyemjua. Alikuwa mpita njia. Akasema, "Basi umemwambia kila anayemfahamu kwamba amekula rushwa." Kuanzia hapo utaratibu wetu ukawa kwamba skripti ina safu mbili, ya maneno na ya picha, na kila mstari wa safu ya picha unahakikiwa kama unavyohakikiwa mstari wa maneno: hii ni picha ya nini, ilipigwa lini, wapi, na mtazamaji akiiona pamoja na maneno haya ataelewa nini?

Kipindi cha uchunguzi cha televisheni ya umma ya Sweden, SVT, kiitwacho Uppdrag granskning, kinajulikana miongoni mwa wanahabari kwa kuhakiki skripti mstari kwa mstari kabla ya kurushwa, mtu mwingine akikaa na mwandishi na kumdai ushahidi wa kila sentensi. Mwalimu alikuwa akiufuata utaratibu wa aina hiyo, ila yeye aliupeleka hadi kwenye picha na sauti. Muziki, kwa mfano. Mtu anatoka kwenye gari lake, anafunga mlango, anatembea kuelekea ofisini. Hakuna ubaya wowote hapo. Punguza kasi ya picha, ondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, weka mdundo mzito chini yake, na mtu huyohuyo amekuwa mhalifu bila neno lolote kutamkwa. Mwalimu aliyaita hayo "kushtaki bila hati", na alikuwa mkali juu yake kuliko alivyokuwa juu ya makosa ya lugha. Binafsi naona alizidisha kidogo, kwa kuwa kipindi kisicho na muziki kabisa huchosha na watu hukizima. Hata hivyo sina jibu zuri la hoja yake kwamba mwanasheria wa upande wa pili atautaja muziki ule mahakamani.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi ni mhariri wa video, na naomba kuongeza jambo moja katika hili la mleta uzi, kwa sababu lawama nyingi hutuangukia sisi. Mahojiano marefu lazima yakatwe, na pale yanapokatwa mtu huonekana akiruka kwenye skrini. Ili kuficha mruko huo tunafunika kwa picha nyingine, iwe mikono ya mhojiwa, karatasi mezani, au mwandishi akitikisa kichwa. Ile picha ya mwandishi akitikisa kichwa mara nyingi hupigwa baada ya mahojiano kwisha, mhojiwa akiwa ameshaondoka. Kufunika mkato si dhambi. Dhambi ni kuchukua jibu la swali moja na kulipachika chini ya swali jingine, au kuunganisha nusu mbili za sentensi zilizosemwa mbalimbali ili zisikike kama sentensi moja. Kwa sababu hiyo nawashauri wanafunzi wasifute kamwe mahojiano ghafi, na waandike majira ya kamera, yaani dakika na sekunde ya rekodi, kando ya kila nukuu katika skripti, ili mtu yeyote aweze kurudi na kusikia kilichosemwa kabla na baada.

Kuna mfano wa zamani ninaoupenda. Mwaka 1954 mtangazaji Edward R. Murrow na wenzake wa kituo cha CBS nchini Marekani walitengeneza kipindi kuhusu Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, na sehemu kubwa ya ushahidi wao ilikuwa picha na sauti za seneta mwenyewe akizungumza. Wakampa nafasi ya kujibu, naye akajibu katika kipindi kamili mwezi uliofuata. Hata hivyo, wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba uteuzi wa picha zenyewe ulikuwa hukumu. Kwa hiyo hili analolisema mlezi wa mleta uzi ni la tangu zamani.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimefurahi kukuta uzi wa namna hii. Swali langu ni kuhusu kamera ya siri. Wengi wetu tulivutiwa na fani hii kwa sababu ya kazi za Anas Aremeyaw Anas wa Ghana, hasa ile ya mwaka 2015 iliyowaonyesha majaji wakipokea rushwa. Je, mlezi wako alikufundisha mbinu hiyo?

MLETA UZI

Alinifundisha lini isitumike, na hilo lilichukua muda mwingi kuliko mbinu yenyewe. Aliniwekea mbele kanuni za utangazaji za Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ambazo zinasema kurekodi kwa siri kwa kawaida kutahalalishwa ikiwa tu yapo mambo matatu: uwepo ushahidi wa awali wa habari yenye maslahi ya umma, ziwepo sababu za msingi za kuamini kwamba ushahidi zaidi unaweza kupatikana, na kurekodi huko kuwe kwa lazima ili habari iaminike. Angalia mpangilio wake. Kamera ya siri haitangulii, inakuja wakati tayari una kitu mkononi. Kwenda na kamera mfukoni ukitumaini kwamba mtu atakosea ni kuvua samaki gizani, na kanuni nyingi za taaluma zinakukataza.

Kuna pia upande wa sheria, ambao hutofautiana mno kati ya nchi na nchi. Katika baadhi ya nchi inatosha mmoja wa wanaozungumza awe anajua kwamba mazungumzo yanarekodiwa, na kwingine lazima wote wakubali. Halafu kuna njia uliyotumia kuingia. Mwaka 1992 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha taarifa kuhusu usafi wa vyakula katika maduka ya Food Lion, picha zikiwa zimepigwa kwa siri na watayarishaji walioomba kazi humo kwa maelezo ya uongo. Kampuni haikushtaki kwa kashfa, ilishtaki kwa ulaghai na kuingia bila haki. Mwaka 1997 baraza la wazee wa mahakama liliiamuru ABC ilipe zaidi ya dola milioni 5, na mwaka 1999 rufaa ikaishusha fidia hadi dola 2. Ukitazama mwisho wake unaweza kucheka, ila fikiria miaka yote ile ya mawakili, na ujiulize kama kituo kidogo kingefika kwenye rufaa.

Kuhusu Anas, Mwalimu alimtaja kwa heshima, kisha akanikumbusha juu ya mwenzake, Ahmed Hussein-Suale, aliyepigwa risasi akafa mjini Accra Januari 2019. Kabla ya hapo mbunge mmoja alikuwa ameionyesha picha yake kwenye televisheni na kuhimiza apigwe. Picha tena, wakuu. Sura iliyokuwa imefichwa kwa sababu ya kazi ikawekwa hadharani, na mambo yakawa yalivyokuwa.

Hapo ndipo naingia kwenye kuwalinda watoa taarifa. Katika habari yetu alikuwepo mtu aliyekubali kuzungumza kwa sharti asitambulike. Darasani tulifundishwa kumweka mbele ya dirisha ili awe kivuli, au kumpiga kawaida na kumfifisha uso wakati wa kuhariri. Mwalimu alinikalisha mbele ya kompyuta akafungua picha ya majaribio, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa mbele ya dirisha, nikionekana kama umbo jeusi tupu. Akavuta kidhibiti cha mwanga kwenye programu ya kuhariri, kidogo kidogo, na pua yangu ikaanza kutokea, kisha fremu ya miwani, kisha uso mzima wenye chembechembe lakini unaotambulika bila shaka. Kumbe kamera za siku hizi hurekodi gizani vitu ambavyo jicho halivioni kwenye skrini.

Tulivyofanya ni kwamba uso wa mtoa taarifa haukurekodiwa kabisa. Kamera ilielekezwa kwenye ukuta mtupu ambapo kivuli chake kilianguka, yeye mwenyewe akiwa nje ya fremu, ili hata kama picha ghafi zingekamatwa au kuibwa, pasiwe na uso wa kufichua. Sauti yake haikubadilishwa kwa kuivuta iwe nzito, kwa sababu mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye ujuzi. Maneno yake yalisomwa upya na mtu mwingine, na kipindi kitasema hivyo waziwazi. Kabla ya hapo Mwalimu alimpitisha kwenye vitu ambavyo mwanafunzi hawezi kuvifikiria: pete, kovu la mkononi, namna ya kucheka, methali anayoipenda, na hadithi ambayo tayari aliwahi kuwasimulia wenzake kazini. Watu wa karibu hutambua mtu kwa hayo kabla ya uso. Pia alimwambia wazi tusichoweza kumwahidi. Hatukumwahidi kwamba hatagundulika kamwe; tulimwahidi yale tutakayofanya.

MCHANGIAJI WA NNE

Mimi nina mashaka na huu mfumo mzima wa ulezi. Nimeona wanafunzi wakifanywa wabeba mizigo, wanatafuta hati, wanakaa juani, kisha kipindi kinarushwa jina lao halipo. Na likitokea la kutokea, kituo kinasema hakimtambui. Je, wewe ulikuwa na ulinzi gani?

MLETA UZI

Swali hili ni la haki, tena nadhani lingestahili uzi wake. Kwa upande wangu makubaliano yaliandikwa mwanzoni: jina langu litaonekana kama mtafiti, sitatumwa peke yangu mahali ambapo mfanyakazi wa kituo asingetumwa peke yake, na mwanasheria wa kituo atanihesabu kuwa sehemu ya timu. Nilimwomba Mwalimu hayo kwa uoga, na yeye akanijibu kwamba mlezi anayekataa kuyaandika anakupa jibu tayari. Kwa anayetafuta mlezi, hilo ningelitanguliza kabla ya sifa zake za kazi.

Sitaki pia mfikiri kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mwalimu hakuwa na subira na takwimu. Jedwali kubwa la malipo lilimchosha, na kazi ya kulisafisha na kulipanga nilijifunza mwenyewe kwa miongozo ya bure ya mtandao wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, GIJN, ulioanzishwa mwaka 2003. Hakunifundisha chochote kuhusu bajeti ya kipindi, yaani kamera inagharimu nini kwa siku na unamshawishi vipi mhariri mkuu akupe siku nyingine. Naona hilo ni pengo, kwa sababu habari nyingi za uchunguzi hufia kwenye bajeti kabla hazijafika kwa mwanasheria.

MCHANGIAJI WA TANO

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi nasomea fani hii na ninavutiwa zaidi na uchunguzi wa kutumia picha zilizokwisha kuwekwa mtandaoni, kama BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, walivyofanya mwaka 2018 kwa ile video ya mauaji ya wanawake wawili na watoto wawili nchini Kamerun. Serikali ilianza kwa kuiita habari ya uongo, lakini wachunguzi walilinganisha mstari wa milima iliyoonekana nyuma na picha za setilaiti wakapata mahali, wakatumia majengo yaliyokuwepo na yasiyokuwepo pamoja na vivuli vya watu kupata wakati, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanajeshi wanne kifungo cha miaka 10. Je, mbinu hii inahitaji mlezi, au mtu anaweza kujifunza peke yake?

MLETA UZI

Mbinu zenyewe unaweza kujifunza peke yako, kwa kuwa miongozo ipo na mazoezi yapo. Kivuli ni jambo la hesabu: ukijua mahali na upande kivuli kilipoelekea, unaweza kukadiria saa, na ukijua urefu wa kitu na urefu wa kivuli chake unaweza kukaribia majira ya mwaka. Sisi tulitumia njia hiyo mara moja tu, kwa picha ya sherehe ya makabidhiano ambayo maelezo yake yalidai ilipigwa asubuhi.

Mlezi anahitajika pale unapofika kwenye kiwango cha uhakika. Ukifanya kazi hii peke yako usiku kucha, mlima wowote huanza kufanana na ule unaoutafuta. Mwalimu alidai matokeo ya namna hiyo yapatikane na watu wawili wasioambiana, kisha yalinganishwe. Na alitaka mtazamaji aonyeshwe hatua, picha moja kando ya nyingine, ili ahukumu mwenyewe. Hapa televisheni ina nguvu kuliko gazeti, nami nalisema hili baada ya kuilaumu picha kwa aya nyingi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimerudi. Nakubali hoja ya kutenganisha ushahidi na kipindi, sikuifikiria hivyo. Lakini kuna jambo moja linanishinda: kwa nini mnamwandikia mtuhumiwa mkimweleza kila kitu kabla ya kurusha? Si mnampa muda wa kukimbilia mahakamani kuzuia?

MLETA UZI

Hatari hiyo ipo, na baadhi ya watuhumiwa hufanya hivyo. Lakini zipo sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ni ya kisheria. Katika shauri la kashfa la Reynolds dhidi ya Times Newspapers, Bunge la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, lilitoa mwaka 1999 orodha ya mambo 10 ya kupimia kama mwandishi alitenda kwa uwajibikaji, na miongoni mwake ni kama alitafuta maelezo ya anayelalamika na kama habari ilibeba kiini cha upande wake. Ingawa sheria ya huko imebadilika tangu hapo, swali hilo bado huulizwa katika mahakama na mabaraza mengi ya habari.

Sababu ya pili ni kwamba majibu hutengeneza habari. Katika barua yetu tuliweka kila tuhuma kwa namba, tukaeleza hati tunayoitegemea bila kufichua aliyetupatia, na tukaweka tarehe ya mwisho yenye nafasi ya kutosha. Jibu lilipokuja, kipengele kimoja kilikuwa na maelezo kamili: malipo ya kwanza, ambayo katika mpangilio wetu wa tarehe yalionekana ya ajabu kwa kuwa yalitangulia kazi yoyote, yalikuwa malipo ya awali yaliyoruhusiwa na mkataba, na wakatutumia ukurasa wenyewe. Tuhuma hiyo ikaondolewa, na picha yake ikaondolewa nayo. Vipengele vilivyobaki walivijibu kwa sentensi moja ya jumla, na sentensi hiyo itasomwa kwenye kipindi ikiwa nzima, maandishi yake yakionekana kwenye skrini.

Hilo la maandishi kwenye skrini nalo lina kanuni yake. Hati tunazoonyesha ni nakala za hati halisi, na zile zinazochorwa upya ili zisomeke vizuri hubeba neno "kielelezo". Aliyetaka kujua sababu alipewa mfano wa mahojiano ya Martin Bashir, mwandishi wa BBC, na Binti Mfalme Diana wa Uingereza ya mwaka 1995. Ripoti ya mwaka 2021 ya Lord Dyson, jaji mstaafu aliyechunguza suala hilo kwa niaba ya BBC, ilieleza kwamba Bashir alimwagiza mchoraji wa grafiki atengeneze taarifa bandia za benki, akamwonyesha kaka yake Diana ili kupitia kwake amfikie Diana mwenyewe. Mchoraji aliyezitengeneza hakujua zingetumiwa hivyo. Tangu niliposikia hilo, kila kielelezo kinachochorwa kwa ajili yetu kinaandikiwa maombi yenye sababu ya kukichora na jina la aliyeomba.

MCHANGIAJI WA PILI

Sisi wahariri tungeomba maombi hayo yawe ya lazima kila mahali. Swali la mwisho kutoka kwangu: mlimalizaje suala la muziki?

MLETA UZI

Tulikubaliana kwamba muziki utakuwepo mwanzoni, kwenye kupita kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mwishoni majina yanapopita. Mahali popote ambapo mtu anayetambulika anaonekana au anatajwa, inabaki sauti asilia ya mahali pale. Nakala ya sasa iko kwa mwanasheria wa kituo, na amerudisha maswali juu ya dai la nne, lile la "alijua". Kwa sasa sentensi inasema kwamba aliyesaini alikuwa amepokea ripoti ya mkaguzi wa ujenzi iliyotaja kukosekana kwa paa, siku chache kabla ya kusaini. Ripoti tunayo, na daftari la kupokelea barua lina mhuri na saini. Neno "alijua" tumelitoa.